Ijue bia yako: mwongozo kamili wa kuonja, kuanzia chupa ya kaunta mpaka kata ya mbege

Ukikaa baa yoyote Dar, Mwanza au Nairobi mhudumu anakuuliza swali moja tu, ya baridi au ya moto, na mazungumzo kuhusu bia yanaishia hapohapo. Mtu ana miaka kumi na tano anakunywa Safari, anaipenda kwelikweli, ila muulize inatofautiana nini na Kilimanjaro atakwambia "hii kali" basi. Mimi naamini bia inastahili kujulikana zaidi ya hapo, na uzuri wake haihitaji kozi wala hela ya kutisha. Inahitaji jioni moja, watu watano na chupa tano. Hapa chini naeleza namna ya kufanya hatua kwa hatua, na historia nimeichanganya humohumo kwasababu ladha nyingi huwezi kuzielewa mpaka ujue zilitokea wapi.

Hesabu kwanza. Watu watano wakigawana chupa ya nusu lita kila mmoja anapata mililita 100, mkifanya hivyo kwa chupa tano kila mtu amekunywa nusu lita, yaani bia moja tu jioni nzima. Hiyo ni makusudi, ulimi wa mtu aliyelewa hauonji kitu. Zile za nje zinazokuja na mililita 330 zinatosha pia. Aliye chini ya miaka 18, mjamzito na aliye kwenye dozi hawamo kwenye hesabu hii, na mwenye gari aliache nyumbani.

Hatua ya 1: jua kilichomo ndani ya chupa

Bia ya kawaida ina vitu vinne, maji, kimea, hopsi na hamira. Kimea ni nafaka, mara nyingi shayiri, imelowekwa ikaachwa ichipue kidogo alafu ikakaushwa, na anayejua kutengeneza togwa hapa hana jipya maana kule ulezi unafanyiwa kitu kilekile. Kuchipua kunaamsha vimeng'enya ndani ya mbegu, vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari, hamira inakula ile sukari na kutoa kilevi na gesi. Karibu kila bia duniani imepita njia hiyo.

Rangi inatoka kwenye moto. Kimea kikikaushwa taratibu bia inakuwa ya dhahabu, kikikaangwa zaidi inakuwa ya kahawia, na shayiri ikichomwa mpaka iwe nyeusi unapata stauti. Kwahiyo ule uzushi wa mtaani kwamba bia nyeusi ndo kali zaidi uache leo. Guinness ya pipa inayonywewa Dublin ina kilevi asilimia 4.2 hivi, Safari yetu ya dhahabu ina 5.5. Ukali soma kwenye lebo, usiusome kwenye rangi.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa kwenye kamba huko nchi za baridi, yanaleta uchungu, yanaleta harufu, na yanazuia bakteria wasiiharibu bia. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani, aliandika kuhusu hopsi kuhifadhi vinywaji tangu karne ya 12. Kabla hopsi haijatawala Ulaya walitia mchanganyiko wa majani ya porini, kila mji na wake. Alafu tarehe 23 Aprili 1516 pale Ingolstadt watawala wa Bavaria (kusini mwa Ujerumani), Wilhelm IV na Ludwig X, wakatoa sheria kwamba bia iwe na shayiri, hopsi na maji tu.

Umeona kilichokosekana? Hamira haikutajwa, kwasababu hakuna aliyejua ni nini, walijua tu kwamba masimbi ya bia ya jana yakiingia kwenye bia ya leo inachacha. Ilibidi wasubiri mpaka Louis Pasteur achapishe utafiti wake juu ya bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen akafanikiwa kutenga seli moja ya hamira na kuizalisha peke yake ikiwa safi. Carlsberg wakaigawa kwa viwanda vingine bure, kitu ambacho mimi nakiheshimu sana. Maabara hiyohiyo ndo Søren Sørensen alipobuni kipimo cha pH mwaka 1909, kilekile mnachofundishwa kwenye kemia ya sekondari.

Hamira ndo inagawa bia zote makundi mawili makubwa. Hamira ya eli inapenda joto, kwenye nyuzi 15 mpaka 24, inafanya kazi haraka na inaacha harufu za matunda. Hamira ya laga inapenda baridi, nyuzi 8 mpaka 13, inaenda polepole alafu bia inalazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa, inatoka safi bila harufu nyingi. Hii ya laga ni chotara, na mzazi wake mmoja hakujulikana mpaka mwaka 2011 alipotambuliwa kwenye misitu ya Patagonia kule Argentina. Fikiria, bia inayonyweka kuliko zote duniani na tulikuwa hatujui ukoo wake.

Hatua ya 2: nunua chupa tano, na uzinunue vizuri

Chupa ya kwanza iwe laga nyepesi, Kilimanjaro au Tusker. Ya pili laga yenye uzito zaidi, chukua Safari, au kama unaipata Windhoek ya Namibia chukua hiyo, wao wanatengeneza kwa kufuata ile sheria ya Bavaria ya 1516 na tofauti utaisikia. Ya tatu bia ya ngano, hii utaikuta supamaketi kubwa kwenye rafu ya bia za nje, Erdinger, Paulaner au Hoegaarden. Ya nne pale eli (eli ya rangi nyepesi) au IPA (India Pale Ale, pale eli yenye hopsi nyingi), na hapa walioko Nairobi na Kampala wana bahati kwasababu kuna viwanda vidogo kama Bateleur na 254 kwa Kenya na Banange kwa Uganda, sisi wengine tunatafuta za kuagizwa. Ya tano Guinness, hii ipo kila kona.

Kabla hujalipa angalia tarehe ya kuisha, bia haiendi ikiimarika kabatini, laga hasa, kila mwezi unaopita inapungua utamu. Alafu angalia ilikaa wapi. Kreti lililopigwa na jua nje ya duka achana nalo hata kama umepunguziwa bei, maana mwanga ukigusa vile vitu vichungu vya hopsi vinavunjika na kutengeneza harufu mbaya inayofanana kabisa na ya kicheche akitishwa. Chupa ya kahawia inazuia mwanga huo vizuri, ya kijani inazuia kidogo sana, nyeupe haizuii kitu, kopo linazuia wote. Kwahiyo kama bia unayoitaka ipo kwenye chupa ya kijani na pia ipo kwenye kopo, chukua kopo. Watu wanadharau kopo bila sababu.

Nyumbani zisimamishe wima, gizani, sehemu yenye ubaridi. Na ukiwa unasubiri wageni chukua kizibo kimoja uhesabu meno yake, utapata 21. Kizibo cha namna hiyo alikibuni William Painter wa Baltimore, Marekani, akapata hataza mwaka 1892, mwanzoni kilikuwa na meno 24 na baadaye yakapunguzwa. Zaidi ya miaka 130 na bado hatujapata kitu bora cha kufungia chupa ya bia.

Hatua ya 3: glasi na joto

Glasi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ni adui wa povu, na mafuta yanatoka kwenye vidole vilivyoshika kuku wa kukaanga, kwenye chipsi, kwenye lipstiki, na kwenye kile kitambaa kimoja cha jikoni kinachofuta kila kitu. Osha glasi kwa sabuni kidogo, suuza kwa maji mengi mpaka sabuni iishe kabisa, ziache zikauke zenyewe zikiwa zimepinduliwa. Ukimimina bia ukaona vipovu vimeganda pembeni mwa glasi chini ya usawa wa bia, basi hiyo glasi haijatakata, rudia.

Sasa lile swali la mhudumu. Bia ya baridi kali, ile iliyoanza kutoa barafu, inatia ganzi ulimi, unachosikia ni ubaridi na gesi tu. Bia ya moto ya Dar nayo, joto la chumba ni nyuzi karibu 30, gesi inakimbia haraka na kilevi kinatangulia mbele ya ladha zote. Najua wapo wazee wetu ambao bila ya moto hawanywi na wana haki yao, ila kwa kuonja tafuta katikati. Weka zote kwenye friji ya kawaida, sio friza, alafu laga itoe dakika tano kabla, ya ngano kumi, IPA robo saa, Guinness itoe dakika ishirini na tano kabla. Kadri bia ilivyo na ladha nyingi ndivyo inavyotaka kupumzika zaidi nje.

Mezani weka maji ya kunywa na mkate mweupe wa kusafishia mdomo. Mishkaki na pilipili vikae jikoni mpaka mmalize. Na mtu asijipulizie pafyumu.

Hatua ya 4: kumimina, kuangalia, kunusa, kunywa

Inamisha glasi kama nyuzi 45, mimina taratibu ubavuni mpaka karibu nusu, alafu isimamishe na umalizie katikati ili povu lipande vidole viwili. Wale wanaosema povu ni kuibiwa bia niwaombe wavumilie kwa leo, povu ndo linabeba harufu juu, na gesi ikitoka kwenye glasi haiendi kujaa tumboni mwako. Povu lenyewe ni protini za nafaka zikishikana na uchungu wa hopsi, kwahiyo bia ya kimea kitupu inashikilia povu kuliko ile yenye sukari nyingi au mahindi mengi. Weka saa, angalia povu la kila bia linadumu muda gani.

Shika karatasi nyeupe nyuma ya glasi uangalie rangi na kama bia inapitisha mwanga. Nusa mapema, pumzi fupifupi mbili tatu, maana harufu nyepesi zinapotea ndani ya dakika ya kwanza, alafu zungusha glasi kidogo unuse tena. Ukinywa jaza mdomo wastani, iache iguse ulimi wote, meza. Usiteme kama wanavyofanya waonja mvinyo, uchungu wa bia unausikia vizuri baada ya kumeza na swali ni unakaa muda gani na unaondoka kwa upole au unakwaruza. Acha kidogo kwenye kila glasi, rudi baada ya robo saa bia ikiwa imepata joto, mara nyingi hapo ndo inakuonyesha ilichokuwa imeficha.

Kila mtu aandike kabla ya kuongea. Hii nasisitiza, yaani mtu mmoja mwenye sauti akishasema "nasikia asali" meza nzima itasikia asali. Na andika kwa maneno ya maisha yako, ukisikia ukwaju andika ukwaju, ukisikia uji wa jana andika hivyohivyo, achana na maneno ya kwenye makaratasi ya wazungu kuhusu matunda ambayo hujawahi kuyala.

Hatua ya 5: laga mbili za mwanzo, na kwanini karibu kila kitu kaunta kinafanana

Onja Kilimanjaro na Safari zikiwa pamoja, glasi mbili ubavu kwa ubavu. Tafuta harufu ya nafaka, kama mkate au biskuti, tafuta utamu mdogo mwanzoni, uchungu mdogo mwishoni. Safari itajaza mdomo zaidi na kilevi chake kinatia joto kooni. Kilimanjaro, ikiwa na asilimia 4.5, inapita na kuondoka haraka. Hizi zote, na Tusker, na Serengeti, na Castle, na Primus ya Bujumbura, na Simba ya Lubumbashi, ni watoto na wajukuu wa bia moja iliyotengenezwa kwenye mji mmoja.

Mji huo ni Plzeň, leo upo Jamhuri ya Czech. Mwaka 1838 bia ya mji ilikuwa mbaya kiasi kwamba mapipa 36 yalimwagwa hadharani mbele ya jengo la halmashauri. Wenyeji wakaamua kujenga kiwanda chao wenyewe na wakamwajiri Mbavaria mmoja kijana, Josef Groll. Yeye akachukua kimea cheupe kilichokaushwa kwa ufundi wa Kiingereza, maji ya Plzeň ambayo hayana chumvichumvi kabisa, hopsi za Žatec ya jirani na hamira ya laga ya Bavaria, na tarehe 5 Oktoba 1842 akapika bia ya dhahabu inayopitisha mwanga. Bia za laga za wakati ule zilikuwa za kahawia, na hii ilikuja wakati glasi za kioo zinaanza kushuka bei, watu wakaiona, ikasambaa Ulaya nzima.

Ila kuifikisha kwetu kulihitaji kitu kingine. Laga inataka baridi, na Bavaria walikata barafu ziwani wakaijaza kwenye mapango. Miaka ya 1870 Carl von Linde akatengeneza mashine za kupoozea zilizofanyiwa kazi kwenye kiwanda cha Spaten mjini Munich, na hapo ikawezekana kutengeneza laga popote penye joto. Kenya ilianza kutengeneza bia 1922, ndugu wawili George na Charles Hurst wakiwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka uliofuata George akauawa na tembo akiwa mawindoni, na jina la Tusker likatoka hapo, ndo maana tembo yupo kwenye lebo mpaka leo. Dar ikapata Tanganyika Breweries mwaka 1933.

Kitu cha kuelewa ni kwamba laga zetu nyingi hazitumii shayiri tupu, sehemu ya nafaka ni mahindi au sukari, vinachacha vyote vinaisha na bia inabaki nyepesi. Wapo wanaobeza. Mimi sibezi, kwenye joto la Februari pale Kariakoo nataka bia nyepesi. Kinachonifurahisha zaidi ni pale viwanda vilipokubali kutumia nafaka yetu yenyewe, Uganda mwaka 2002 Nile Breweries walileta Eagle ya mtama, na Kenya mwaka 2004 ikaja Senator ya pipa, nayo mtama umo, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini anaiweza kwasababu serikali ililegeza ushuru ili watu waachane na pombe hatari za vichochoroni. Ukikutana na mojawapo iongeze mezani kati ya hizi mbili, utaona ukavu flani wa mtama mwishoni.

Hatua ya 6: ngano

Hii itashangaza meza. Bia ya ngano ya Bavaria, kama Erdinger au Paulaner, ina ukungu, povu limesimama kweli, na ukiinusa unapata ndizi mbivu na karafuu. Wageni wataapa kuna ndizi humo ndani. Hakuna, vyote viwili vimetengenezwa na hamira, ndizi inatokana na kemikali ileile inayotoa harufu kwenye ndizi halisi. Chini ya chupa kuna masimbi ya hamira, kwahiyo mimina robo tatu, zungusha kilichobaki alafu malizia.

Kama umepata Hoegaarden ni jamaa mwingine, huyo ni Mbelgiji na wao wanatia mbegu za giligilani na maganda ya chungwa. Bia ya namna hii ilikuwa imekufa kabisa kijijini Hoegaarden mpaka Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, alipoifufua mwaka 1966. Mtu wa pwani aliyezoea viungo ataielewa kwa haraka kuliko laga.

Hatua ya 7: IPA

Uchungu wa hapa ni mwingi, waambie mapema. Harufu inaweza kuwa ya chungwa, zabibu balungi, embe, hata majani yaliyokatwa sasahivi, na yote ni hopsi. Meza funda la kwanza usilihukumu, kunywa maji, rudi la pili ndo uandike.

Hadithi inayosambaa ni kwamba Waingereza walibuni bia hii yenye hopsi nyingi ili isiharibike safari ya kwenda India. Kuna ukweli ndani yake ila umepindishwa, kwasababu bia nyeusi aina ya pota nazo zilisafirishwa kwenda India kwa wingi na zilifika salama. Kilichotokea ni kwamba George Hodgson alikuwa na kiwanda eneo la Bow, London, karibu na bandari walipokaa manahodha wa meli za East India Company, akawa anawakopesha kwa muda mrefu, nao wakabeba bia yake. Miezi ya kutikisika baharini kwenye joto iliikomaza ikawa nzuri zaidi. Miaka ya 1820 watengenezaji wa Burton upon Trent wakaingia kwenye biashara hiyohiyo, na maji ya Burton yana jasi nyingi, na jasi inafanya uchungu wa hopsi usikike mkavu na safi. Linganisha na Plzeň, maji laini bia laini, maji ya jasi bia chungu. Kabla ya kemia kila mji ulipika bia ambayo maji yake yaliikubali.

Hatua ya 8: Guinness

Iweke mwisho, ikitangulia hutasikia kitu kingine. Isogeze kwenye taa, utaona sio nyeusi kabisa, pembeni inawaka wekundu. Harufu ya kahawa na chokoleti chungu, na ile ladha ya kuungua kwa mbali ni shayiri iliyochomwa bila kufanywa kimea. Ufundi wa kuchoma nafaka mpaka iwe nyeusi bila kuifanya majivu aliuleta Daniel Wheeler mwaka 1817 kwa mashine ya tanuri linalozunguka.

Arthur Guinness alisaini mkataba wa pango pale St James's Gate, Dublin, mwaka 1759, kwa miaka 9,000, kodi pauni 45 kwa mwaka. Ile chupa yenye nguvu tunayoijua huku ni ukoo wa bia waliyoanza kuipika 1801 kwa ajili ya kusafirisha West Indies, wakaongeza hopsi na kilevi. Hii ya huku haitoki Dublin, inapikwa hukuhuku kwa nafaka za eneo husika, alafu inachanganywa na kiini cheusi kinacholetwa kutoka Dublin, ndo maana Guinness ya Nairobi na ya Lagos hazifanani sana na ya Ireland. Ya Lagos ina mtama. Na ile krimu ya juu kwenye picha za Ireland ni ya pipa pekee na makopo maalum, inatokana na gesi ya naitrojeni ambayo vipovu vyake ni vidogo mno, ufundi wa Michael Ash wa mwaka 1959. Chupa yetu inatumia gesi ya kawaida kwahiyo usiidai krimu.

Kiwanda hicho kilimwajiri pia William Sealy Gosset, mtu wa hesabu aliyetaka kujua namna ya kupima ubora kwa kutumia sampuli chache. Jibu lake alilichapisha 1908 kwa jina la bandia "Student", na ndo ile t-test ya takwimu inayotumika kwenye tasnifu za vyuo leo.

Pota, mzazi wa stauti, ana siku yake mbaya pia. Tarehe 17 Oktoba 1814, karibu na Tottenham Court Road, London, pete ya chuma ya tangi moja la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita sita ilichomoka. Haikuchukuliwa kama hatari, ilikuwa inatokea mara kwa mara. Kama saa moja baadaye tangi likapasuka, likabomoa ukuta wa kiwanda na bia ikaingia kwenye nyumba za maskini nyuma yake. Walikufa watu wanane, wanawake na watoto, na watano kati yao walikuwa wamekusanyika kwenye msiba wa mtoto mdogo. Uchunguzi wa vifo ulisema ni ajali ya bahati mbaya, kiwanda hakikulipa fidia.

Hatua ya 9: siku nyingine, kata ya mbege

Hii usiichanganye na zile tano, ifanyie siku yake, na kwangu ndo hatua yenye thamani kuliko zote. Mbege ya Wachagga inaanza na ndizi mbivu zinazochemshwa kwa masaa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichache siku kadhaa alafu zinakamuliwa na kuchujwa. Pembeni ulezi umechipushwa, umekaushwa, umesagwa, unapikwa uji, na ndani yake wanatia magome ya msesewe. Uji ukipoa unachanganywa na ile juisi ya ndizi, unalala, kesho yake pombe ipo tayari. Onja taratibu utafute vitu vitatu, tamu ya ndizi, uchachu wa ulezi, na uchungu wa mwishoni. Uchungu huo ni msesewe, unafanya kazi ileile ya hopsi, unakata utamu ili mtu aweze kunywa kata ya pili. Mtu wa Kibosho na mtu wa Bavaria walikutana na tatizo moja na kila mmoja akalitatua kwa mmea wa kwake.

Kagera kuna rubisi, ndizi zinakanyagwa kwa miguu pamoja na majani kwenye mtumbwi wa mti, juisi inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Hapa huna uchungu, una moshi na ndizi. Na Wateso wa Uganda na Kenya wana ajon ya ulezi, chungu kimoja katikati, maji ya moto yanaongezwa, wazee wamekaa kuzunguka kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Sasa nenda makumbusho uangalie mihuri ya Wasumeri, wale wa kale wa nchi tunayoiita Iraq leo, watu wamekaa kuzunguka chungu na mirija mirefu. Kwenye kaburi la Puabi kule Uru, la kama mwaka 2500 KK, ulikutwa mrija uliopambwa kwa dhahabu. Wasumeri hao walikuwa na mungu wa kike wa bia, Ninkasi, na wimbo wa kumsifu ulioandikwa kwenye udongo kama mwaka 1800 KK unapitia upishi wa bia kuanzia kimea. Yaani namna ya kunywa ya zaidi ya miaka elfu nne iliyopita unaweza kuikuta hai kwenye vijiji vya Soroti, Uganda, wikiendi hii.

Kunywa kwa mtu anayeaminika, iliyoiva siku hiyo, vyombo safi. Kwa desturi anayekukaribisha anaonja kwanza, mwache aonje. Na gongo au chang'aa sio bia na haimo kwenye mwongozo huu, ile ni ya kukenekwa, na isiyojulikana ilipotoka inaweza kuwa na methanoli inayopofusha na kuua.

Hatua ya 10: jifunze kasoro, alafu jipime

Harufu ya boksi lililolowa maana yake bia ni ya zamani au ilikaa kwenye joto. Kicheche, ilipigwa jua. Siki kwenye laga, bakteria wameingia, na hapo kama ni baa kagua mirija ya pipa lao kwanza kabla hujalaumu kiwanda. Siagi, kama ya bisi za sinema, hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Mahindi ya kuchemsha, upishi haukuchemka vya kutosha. Ukikuta mojawapo mwonyeshe mhudumu kwa upole na uombe nyingine, ni haki yako.

Mwisho fanya jaribio la glasi tatu. Mtu mmoja anaenda jikoni anajaza glasi tatu zinazofanana, mbili Kilimanjaro na moja Safari, au kinyume chake, anaziandika namba chini na kuzileta. Wewe kazi yako ni kuitaja ile iliyo tofauti, hutakiwi hata kutaja jina. Viwandani ndo wanavyowapima waonjaji wao. Ukipata mara tatu mfululizo panda daraja, weka Kilimanjaro na Serengeti, hizo ziko karibu sana na zitakutaka unuse zaidi kuliko kunywa, na baada ya hapo jaribu chupa mbili za bia moja, moja mpya na moja iliyokaa kabatini miezi minne.